Mwarobaini, mwembe au mkuyu: mtaa ulio jirani na msitu upande miti gani?

Swali: "Kamati ya mazingira ya mtaa wetu, huku Pugu, imepata fedha za kununua miche 200 ya kupanda kando ya barabara, shuleni na kuzunguka zahanati. Kitalu kilicho karibu kina mwarobaini, ashoki, mkrismasi na lusina, na bei zake ni nafuu. Kijana mmoja aliyesomea misitu ametuambia tukipanda miti ya kigeni tutaua ndege na vipepeo. Wazee wakamjibu kwamba hata mwembe ulikuja na majahazi, na hakuna aliyewahi kuona mwembe umeua ndege. Kikao kilivunjika bila uamuzi. Nani yuko sahihi?"

Kijana wenu ana hoja, ila aliipeleka kikaoni kwa pupa. Wazee nao wana hoja, ila inahusu mwembe tu. Kwa mtaa ulio pale mlipo, mlango wa pili na msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, mimi nisingepanda hata mche mmoja wa mwarobaini wala lusina. Mkrismasi ningeuruhusu kwa kiasi. Ashoki ningeiacha kwa wenye kuta ndefu na viwanja finyu. Miembe iliyopo nisingeiruhusu iguswe na msumeno. Kila mti hapo una kesi yake, na kesi hizo ndizo zinazopotea watu wakianza kugombania cha kwetu na cha kigeni.

Tuanze na ndege, maana ndio waliovunja kikao. Mnamfahamu chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Utamkuta anafyonza maua ya kila namna bustanini, mengi yakiwa ya mimea iliyotoka Asia, Australia au Marekani Kusini. Mtu akimwona husema: si huyu hapa anakula kwenye mti wa kigeni, na afya anayo? Ni kweli. Nekta ni sukari na maji, na karibu ndege yeyote mwenye mdomo unaofika anaweza kuinywa. Sasa mfuatilie chozi huyohuyo akiwa na makinda. Kinda halikui kwa sukari. Chozi huwapelekea wanawe buibui, viwavi na wadudu wengine laini, safari baada ya safari kutwa nzima. Viwavi hutoka kwenye majani, na jani ndipo miti inapotofautiana.

Kila mti hulinda majani yake kwa kemikali zake. Mdudu aliyeishi na mkwaju au mkuyu kwa maelfu ya vizazi ameshapata njia ya kuimeza sumu ile bila kudhurika, na mara nyingi amejifunga kwa mti huo au kwa jamii yake tu. Mti ukiletwa kutoka mbali huja bila wadudu wake, na wa hapa hawauwezi. Unasimama kijani kibichi, majani mazima yasiyo na tundu hata moja, tukidhani ni afya. Kwa ndege mwenye makinda, ile ni meza iliyofunikwa vizuri isiyo na chakula. Mwarobaini ndio umezidi: mkulima anayetwanga majani au mbegu zake na kunyunyizia mboga ili wadudu wakimbie anaujua ukweli huu bila kusoma popote. Mti tunaousifu kwa kufukuza wadudu hatuwezi papo hapo kuutegemea ulishe ndege wala wadudu.

Haya yamepimwa. Mwaka 1961 mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, T. R. E. Southwood, alichapisha hesabu ya aina za wadudu wanaoishi kwenye miti ya nchi yake. Mialoni, miti ya pale tangu enzi, ilikuwa na aina 284. Acer pseudoplatanus, mti ulioingizwa kutoka bara la Ulaya karne kadhaa kabla yake, ulikuwa na aina 15. Na kuna utafiti ulio karibu zaidi na swali lenu, kwa sababu ulifanyika kwenye nyua za nyumba za watu, jijini Washington. Watafiti walimfuatilia Carolina chickadee, ndege mdogo anayelisha makinda yake viwavi. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba pale miti na vichaka vya kigeni vilipozidi asilimia 30 ya mimea yote, ndege hao hawakuzaa vya kutosha kufidia waliokufa. Ukipita ungewaona bado wapo, wanaruka na kuimba, kumbe idadi inashuka. Washington si Pugu, na sitegemei tarakimu ile ihamie huku kama ilivyo. Lakini jani na kiwavi hufanya kazi kwa namna ileile kote.

Hapo kijana wenu amepata pointi. Ila kanuni hii ina mlango wa nyuma, na yeyote mwenye mlimau uani anaweza kuuona. Malimau na machungwa asili yake ni Asia. Lakini kagua majani machanga ya mlimau mwezi wowote wa mvua: utakuta kiwavi mweusi mwenye mabaka meupe, umdhanie kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyo ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Mwafrika halisi. Anakula mlimau kwa sababu misitu yetu ina mimea ya jamii ya mlimau, na kemikali zake zinafanana. Kwa hiyo umbali wa nchi si kila kitu, ukoo nao una uzito wake. Mti wa mbali wenye ndugu zake hapa una nafasi ya kupata wateja. Usio na ndugu hukaa peke yake.

Sasa wazee na mwembe wao. Mwembe kweli ni wa Asia, na umeshakaa pwani hii vya kutosha kuwa na maisha yake. Mwembe wa miaka 60 una mapango ya kutagia mayai, una kivuli ambacho mche wa leo hautakitoa kabla wajukuu hawajaoa, na matunda yake hayaliwi na watoto wa shule peke yao. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani ila kisiwani kule, hula maembe na mashelisheli pamoja na matunda ya miti ya asili. Alikuwa amekaribia kutoweka miaka ya 1980, kisha wanavijiji walipoanza kulinda maeneo yake ya kulala akaongezeka tena hadi maelfu mengi. Kisiwa kile msitu wake mwingi ulishageuzwa mashamba, na miti ya matunda ya watu imekuwa sehemu ya riziki yake. Kumwambia mtu wa Pemba akate mwembe kwa kuwa ni mgeni kungekuwa upuuzi.

Mwembe una jambo jingine jema: hautoroki. Kokwa lake ni zito, popo hulidondosha si mbali, na mche wake ukiota msituni chini ya giza haupati nafasi. Mwarobaini sivyo ulivyo. Tunda lake ni dogo, laini, la manjano, na shore, hondohondo na nyani wanalifurahia. Chungulia chini ya nguzo za umeme au chini ya mti wowote ambao ndege hupumzikia mtaani kwenu: kama kuna mwarobaini karibu, mtakuta vimiche vyake vimejipanga hapo bila mtu kuvipanda. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani mwarobaini uliotokana na miti ya makazi umeingia porini na kusongamana mahali pengi, na kuuondoa imekuwa kazi ya gharama. Dodoma mjini mti huohuo ningeujadili kwa upole zaidi. Kwenu unapakana na moja ya vipande vya mwisho vya misitu ya pwani, misitu iliyotawanyika kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, na ambayo kila kipande kina mimea yake isiyopatikana kwingine. Upo mti mdogo uitwao kitaalamu Baphia puguensis, jamaa ya mkuruti. Jina la pili linajieleza. Shore akitoka kwenye mwarobaini wa zahanati hana habari kwamba ng'ambo ya barabara ni hifadhi.

Lusina sitaichambua sana. Ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ikasifiwa mno miaka ya 1970 na 1980 kwa kuni na malisho, na leo imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Inatoa maganda kwa mafungu, kila ganda limejaa mbegu, na kiwanja kilichoachwa miaka michache kinageuka kichaka cha lusina tupu. Ajabu ni kwamba orodha hiyohiyo ina mti wetu sisi Waafrika, kibobakasi, ule wenye maua mekundu kama moto unaopendwa magharibi mwa Kenya na Uganda. Kwao haudhuru. Kwenye visiwa vya Pasifiki umekuwa tatizo kubwa.

Ndiyo maana ningemshauri kijana wenu, akisimama tena kikaoni, aulize "wa asili wapi?" badala ya "wa asili au wa kigeni?" Mfano mzuri uko Amani, Usambara Mashariki. Mhesi ni mti wa Uganda, Kagera na misitu ya Kakamega. Ukifuata mipaka ya nchi, ni mti wa Tanzania bila ubishi. Wajerumani walipoupanda kwenye bustani yao ya Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye ukapandwa zaidi, hondohondo wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi ndani ya msitu, hasa palipokuwa pamekatwa magogo. Leo ni mmoja wa wavamizi wanaowasumbua watunza misitu wa kule. Hakuna aliyevuka bahari, lakini matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo mkiambiwa na muuza miche "huu ni wa hapahapa nchini", mwulizeni mkoa gani.

Kuna hatari nyingine isiyohusu asili ya mti kabisa: kupanda aina moja mtaa mzima. Miaka ya 1980 mwarobaini, ambao tunauona hauguswi na kitu, ulishambuliwa na mdudu mdogo wa magamba katika nchi zinazozunguka Ziwa Chad, na mji uliotegemea mti huo peke yake kwa kivuli haukuwa na akiba. Mmarekani Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba katika miti ya mji aina moja isizidi asilimia 10, jenasi moja, yaani kundi la aina zilizo karibu, isizidi 20, na familia moja, yaani kundi la jenasi, isizidi 30. Si sheria ya Musa, ila kwa miche yenu 200 ina maana rahisi: aina yoyote isizidi miche 20. Hili litawakera wenye kitalu, wanaopenda oda ya aina moja.

Basi mpande nini? Shuleni ningeanza na mkwaju. Wengi huudhani wa India, lakini asili yake ni Afrika hii. Unavumilia kiangazi, tawi lake halivunjiki hovyo mtoto akipanda, na ukwaju unauzika. Mng'ongo unafaa hapo pia, na zambarau mwitu kwenye sehemu inayoshika unyevu. Kuzunguka zahanati, ambako wagonjwa hungoja nje, panda mtimaji, Trichilia emetica kwa jina la kitaalamu: kivuli chake ni kizito na haupukutishi majani yote kwa pamoja. Barabarani, mkongo na mtalawanda. Msandarusi nao msiusahau, hata mitatu au minne. Ni mti wa misitu ya huko kwenu hasa, na sandarusi yake, yaani utomvu wake uliokauka, ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Unguja karne ya 19 hadi Salem, Massachusetts, kutengenezea vanishi. Mwegea una maua ambayo popo huyafuata usiku, lakini tunda lake lina uzito wa kilo kadhaa, kwa hiyo uwekeni mbali na kijiwe cha bodaboda.

Kwenye mkuyu nitakaa kidogo, kwa sababu nikiambiwa nichague mti mmoja kwa ajili ya viumbe nitauchagua huo. Chumeni kuyu moja lililoanza kuiva, lipasueni. Yale mnayoyaona ndani si mbegu tu, ni maua mamia yaliyojikunja kwa ndani, na kati yake wamo nyigu wadogo kuliko punje ya ufuta. Jike lake huingia kwa kitundu cha nchani, tena kwa kubanwa mpaka mabawa yanakatika, hutaga mayai na kuchavusha maua, kisha hufa humohumo. Madume huzaliwa bila mabawa, hupandisha majike, hutoboa njia ya kutokea na kufa, nayo majike vijana huruka na chavua kutafuta mkuyu mwingine. Ili nyigu hawa waishi, lazima mikuyu izae kwa kupokezana mwaka mzima. Ndiyo sababu mwezi ambao miti mingine haina kitu, ninga na hondohondo wamejaa kwenye mkuyu. Msihofu kwamba mkuyu wenu utakuwa mpweke: utafiti wa Namibia uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba nyigu wa mkuyu huuhuu hubebwa na upepo na kupeleka chavua hadi umbali wa kilomita 160.

Jamii hii ya miti imeshawahi hata kuhusisha Ikulu. Novemba 2020, Nairobi, barabara ya juu ilipokuwa inajengwa, Rais Uhuru Kenyatta alitoa tamko la kuunusuru mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe. Ninyi hamtahitaji tamko kama mtaupanda mahali pake tangu mwanzo. Mizizi ya mkuyu hutafuta maji kwa nguvu, kwa hiyo uwe mbali na chemba, mabomba na msingi wa darasa, si chini ya mita 20. Miwili inawatosha.

Najua kitalu chenu hakina miti hii, na hapo ndipo kamati nyingi hukata tamaa na kurudi kwenye ashoki. Wenye vitalu huotesha kinachonunuliwa. Wapelekeeni oda na malipo ya awali miezi sita kabla ya mvua mnazozilenga, wataotesha. Mbegu za mkwaju ziko sokoni kwa fungu. Mbegu za mkongo huwezi kuzikosea: nyeusi zinazong'aa, zimevaa kofia nyekundu upande mmoja, na zinaota bila shida kofia ikiondolewa. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wana kituo cha mbegu za miti Morogoro. Msichokifanya ni kwenda kung'oa miche ndani ya hifadhi, hiyo itawapeleka mahakamani. Na wasidanganywe watu kwamba miti ya asili yote hukua polepole. Mkongo ni kweli unahitaji subira, lakini mtalawanda na mkuyu havicheleweshi. Kama mnataka kitu cha kuwatuliza wananchi wanaotaka kivuli mwaka ujao, changanyeni mikrismasi michache. Ni ya Madagaska, inapendeza Desemba, na kwa huku haina fujo ya mwarobaini. Mizizi yake ipo juujuu, basi isikaribie ukuta.

Mambo mawili zaidi ambayo hamkuuliza. La kwanza ni fagio. Shule zetu hufagia uwanja kila asubuhi hadi udongo ung'ae. Viwavi wengi hushuka kwenye majani makavu na udongo ili wageuke bundo, ile hatua ya kujifungia kimya, kisha kipepeo. Mkipanda mkongo na kufagia chini yake kila siku, mmetoa chakula kwa mkono mmoja na kukinyang'anya kwa mwingine. Mwalimu mkuu akubali kuacha duara la majani chini ya kila mti, hata la mita mbili, na sehemu iliyobaki ifagiliwe kama kawaida.

La pili ni kunguru. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka, akavuka hadi bara, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wengine mji mzima. Mti mzuri ulio karibu na jalala wazi unakuwa kiota chake yeye. Kabla ya kuhesabu ndege waliorudi, hesabuni kwanza madampo yasiyofunikwa.

Kuhusu mwarobaini mkubwa ambao bila shaka uko zahanati tayari: msiukate. Watu wanaukalia, na kivuli kilichopo kina thamani kuliko mche uliomo kwenye kiroba. Pandeni mtimaji pembeni yake sasa, na mtimaji ukishatoa kivuli ndipo mjadili mwarobaini. Hadi siku hiyo, matunda yafagiliwe na kufukiwa yanapoanguka, na vimiche ving'olewe kila baada ya mvua vikiwa na majani mawili matatu. Vikifika kimo cha goti mzizi umeshashika, mtahitaji jembe.